Shilingi iliyobanwa inafika wapi?

Kaya inayokopa shilingi milioni 60 kununua nyumba, kwa riba ya asilimia 15 na muda wa miaka 15, inatakiwa kurejesha shilingi 839,752 kila mwezi. Ilipe miaka mitano mfululizo bila kuchelewa hata siku moja, itakuwa imepeleka benki zaidi ya milioni 50. Ikiuliza salio siku hiyo, itaambiwa deni bado ni milioni 52. Katika fedha zote hizo, zilizopunguza deni hazifiki milioni 8. Nyingine zote ni riba.

Kiwango hicho cha riba si cha kutisha watu. Ripoti za Benki Kuu ya Tanzania kuhusu soko la mikopo ya nyumba zinaonyesha kuwa riba ilikuwa asilimia 22 hadi 24 mwaka 2010, ikashuka hadi kati ya 15 na 19 katika miaka iliyofuata. Asilimia 15, basi, iko upande wa nafuu.

Kaya ninayoichambua hapa ni ya mfano: mke nesi, mume mhasibu, wanaishi Mbezi na wote wanafanya kazi mjini, Dar es Salaam. Swali ni jinsi kaya kama hii inavyoweza kumaliza deni la miaka 15 kwa miaka minane bila kuongezewa mshahara. Wengi watajibu kwamba wabane matumizi. Jibu hilo ni sahihi nusu. Shilingi iliyobanwa haina kazi yoyote mpaka ifike kwenye deni la msingi, tena ifike mapema, na nyingi huishia njiani.

Jedwali la marejesho linasema nini

Siku ya kusaini mkataba, afisa mikopo humpa mteja jedwali la marejesho. Watu hulitazama safu moja tu, ile ya kiasi cha kulipa kila mwezi, wakalikunja. Safu za maana ni mbili zilizo pembeni yake: riba na deni la msingi.

Asilimia 15 kwa mwaka ni 1.25 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza salio ni milioni 60, hivyo riba ni 750,000. Katika lile rejesho la 839,752 zinabaki 89,752 za kupunguza deni. Mwezi wa pili riba inapungua kwa shilingi elfu moja na ushee, na kiasi hichohicho kinahamia kwenye deni la msingi. Mwendo ni huo, taratibu sana mwanzoni, kasi mwishoni. Muda ukifika nusu, yaani miaka saba na nusu, deni bado ni milioni 45.2.

Sasa weka shilingi milioni moja ya ziada kwenye deni mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Milioni hiyo inafuta marejesho tisa ya mwisho, ambayo kwa jumla yanazidi milioni saba na nusu. Milioni hiyohiyo ukiiweka mwishoni mwa mwaka wa kumi, inafuta marejesho mawili na nusu. Haba na haba hujaza kibaba, ila hapa haba ya mwaka wa kwanza na haba ya mwaka wa kumi hazilingani uzito. Anayesema "nitaanza kulipa ziada watoto wakimaliza shule" anapanga kuanza wakati nguvu ya fedha yake imeshapungua zaidi ya mara tatu.

Hesabu hii inakubali kwa mkopo ambao riba yake hukokotolewa kwenye salio linalopungua. Ipo mikopo ambayo riba hupigwa kwenye mkopo wote tangu mwanzo na kugawanywa sawa kwa miezi. Kwenye mkopo wa namna hiyo, kulipa ziada kunaweza kusikuokolee chochote. Swali hilo huulizwa kabla ya kusaini.

Laki tatu zimetoka wapi

Kaya yetu inatafuta shilingi 300,000 kwa mwezi. Daftari lao la matumizi likifunguliwa, fedha inaonekana ilipojificha.

Gari ndilo la kwanza. Mafuta na maegesho ya kwenda mjini siku za kazi yalikuwa 260,000. Nauli za watu wawili kwa daladala na mwendokasi ni kama 120,000. Gari limebaki la Jumamosi na Jumapili, zimepatikana 140,000. Bei wanayolipa kwa hilo ni kuamka mapema na kusimama kwenye foleni, na hawajidanganyi kuwa ni ndogo.

Cha pili ni chakula cha mchana. Sahani ya mama lishe kwa 3,000, watu wawili, siku 22, ni 132,000. Kubeba wali na maharage ya jana usiku kumewaachia 60,000. Mchele, unga na mafuta ya kula wananunua kwa jumla pamoja na majirani wawili na kugawana: 25,000. Kifurushi cha king'amuzi kimeshushwa ngazi: 25,000 nyingine.

Kilichobaki ndicho kigumu. Dar hakuna mwezi usio na kadi ya mchango: harusi, kitchen party, kipaimara, mahafali. Hawa walikaa wakapanga kiasi cha mwaka mzima, kikiisha kimeisha. Ndugu wa damu wanachangiwa kama zamani. Wafanyakazi wenza na marafiki wa kwenye kundi la simu wanapewa kidogo, tena mapema, kabla kamati haijaanza kupiga simu. Msiba haukuguswa. Kilichookolewa kwenye michango ni wastani wa 50,000 kwa mwezi, na jumla imetimia laki tatu.

Tazama mgawanyo. Karibu nusu imetoka kwenye gari peke yake. Kuzima taa ili umeme wa LUKU usiishe haraka, au kupunguza sukari kwenye chai, kungeleta elfu tano au kumi na ugomvi wa kila siku. Kaya nyingi huchoka na kubana kwa sababu zinaanza na vitu vidogo vinavyoonekana kila saa, zinaacha vikubwa vinavyoamuliwa mara moja.

Uamuzi wenyewe lazima uwe wa watu wawili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenza, kwa hiyo wote wawili walishaikubali rehani. Mmoja akifunga mkanda na mwenzake akiufungua, laki tatu haifiki mwezi wa tatu.

Kutoka akaunti hadi deni

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na si kwa uvivu.

Mteja anaweka 300,000 za ziada kwenye akaunti ileile ambayo benki hukata rejesho. Mwisho wa mwezi mfumo unakata 839,752 kama ulivyoagizwa, na ziada inalala palepale, haipunguzi deni wala haizai. Miezi sita baadaye kuna milioni 1.8 kwenye akaunti, na kishawishi cha kuigusa. Mfumo haujui nia ya mtu. Benki inahitaji maagizo ya maandishi kwamba kiasi fulani, tarehe fulani, kiingie kwenye deni la msingi. Tarehe bora ni siku inayofuata mshahara, kabla matumizi hayajaamka.

Swali linalofuata dirishani ni hili: baada ya malipo ya ziada, benki ipunguze rejesho la mwezi au ipunguze muda? Ukinyamaza, huenda ukapunguziwa rejesho. Linapendeza masikioni, lakini miaka inabaki ileile, na ule unafuu wa kila mwezi utaliwa sokoni. Kaya yetu iliomba kwa barua muda upunguzwe na rejesho libaki lilivyo, kisha ikadai jedwali jipya. Jedwali hilo jipya ndilo ushahidi kwamba fedha imefika.

Tatu ni ada ya kulipa kabla ya muda. Mikataba hutofautiana. Ada ya asilimia moja ya kiasi kilicholipwa ni 3,000 kwenye laki tatu, si kitu mbele ya riba inayookolewa. Lakini ada isiyobadilika kwa kila muamala inaweza kula faida ya malipo madogo. Hapo ni afadhali kukusanya na kulipa kila robo mwaka. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki iweke wazi gharama na masharti yake, kwa hiyo kuuliza ni haki ya mteja.

Baada ya miaka kadhaa huja simu ya kirafiki: salio lako limeshuka vizuri, unaweza kuongezewa mkopo. Anayekubali anarudi kwenye kurasa za kwanza za jedwali, kule ambako karibu rejesho lote ni riba.

Mwaka wa akiba na bei yake

Kaya hii haikuanza kulipa ziada mwezi wa kwanza. Mwaka mzima wa mwanzo laki tatu ilikwenda kwenye akiba ya dharura, ikafika milioni 3.6, zaidi ya marejesho manne. Sababu ni nyepesi: fedha ikishaingia kwenye deni la msingi hairudi. Mtoto akilazwa au mshahara ukichelewa, benki haikumbuki kwamba mwaka jana ulilipa zaidi. Inataka rejesho la mwezi huu.

Kuanzia mwezi wa 13 walilipa 1,139,752 kila mwezi. Deni linaisha mwezi wa 96, miaka minane kamili. Riba yote inakuwa kama milioni 45.2 badala ya milioni 91.2. Wameokoa karibu milioni 46 na miaka saba.

Wangeanza mwezi wa kwanza bila akiba, wangemaliza kwa miaka saba na miezi mitatu na kuokoa kama milioni 52.7. Mwaka wa kuweka akiba uliwagharimu, basi, karibu milioni 6.7. Sehemu ya gharama hiyo inarudi kama akiba iko mahali panapozaa na panapofikika kwa siku chache za kazi, kama mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS. Kwangu mimi bei hiyo inalipika. Mpango wenye kasi usio na akiba huvunjwa na dharura ya kwanza, na anayeuvunja mara nyingi hukimbilia mikopo ya kausha damu, ambayo riba yake ya mwezi inaweza kuzidi riba ya benki ya mwaka. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye kausha damu au mkopo wa simu leo ausafishe huo kwanza. Nyumba itasubiri.

Kulipa deni au kununua hatifungani

Yupo atakayesema laki tatu ingezaa zaidi kwenye hatifungani za serikali. Hoja hiyo inastahili hesabu. Kupunguza deni la asilimia 15 ni sawa na kuwekeza kwa faida ya uhakika ya asilimia 15. Mwaka 2022 Benki Kuu ilishusha riba ya hatifungani ya miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Kwa viwango hivyo vya 2022, kulipa deni kulishinda waziwazi. Viwango hupanda na kushuka, na hatifungani ikikaribia 15, mizani inakaa sawa. Tofauti inayobaki ni ya kiutendaji: hatifungani inaanzia milioni moja, na ukiiuza kabla ya muda bei inaweza kuwa chini, wakati deni linapokea laki tatu mwezi wowote.

Wapo pia wanaongoja mfumuko wa bei uyeyushe deni. Tanzania hautayeyusha. Tangu mwaka 2018 wastani wake wa mwaka haujafika asilimia 5. Mwenye mkopo wa asilimia 15 analipa riba halisi ya zaidi ya asilimia 10, na kusubiri kunamnufaisha mkopeshaji.

Msomaji wa Kenya ana mstari mmoja wa kuongeza. Huko sheria ya kodi inamruhusu mwenye mkopo wa nyumba anayoishi kuondoa riba kwenye kipato kinachotozwa kodi, na tangu mwishoni mwa Desemba 2024 ukomo umepanda kutoka shilingi za Kenya 300,000 hadi 360,000 kwa mwaka. Aliye kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 30 anarudishiwa hadi 108,000. Riba yake halisi ni ndogo kuliko iliyoandikwa kwenye mkataba, na ndiyo anayopaswa kuilinganisha na hatifungani.

Mwezi wa 97

Deni likiisha, kaya yetu ina 1,139,752 kila mwezi ambazo tayari imezoea kuishi bila hizo. Katika miaka saba ambayo mkataba wa awali ungekuwa bado unadai, fedha hiyo inafika karibu milioni 96 kabla haijazaa chochote. Hiyo inazidi ile milioni 46 ya riba iliyookolewa, na ndiyo sababu hasa ya kukubali kupanda daladala kwa miaka minane. Wakiirudisha yote kwenye gari na mahafali, watakuwa wamelipa nyumba vizuri na kupoteza nusu kubwa ya faida.

Kabla ya hapo kuna kazi ya karatasi. Salio kusoma sifuri hakuondoi rehani. Benki itoe barua ya kumaliza deni na hati ya kuondoa rehani, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, kisha hati miliki irudi mikononi mwa wenyewe. Mpaka rehani ifutwe kwenye daftari la msajili, nyumba iliyolipiwa kila senti bado inasomeka kuwa dhamana ya benki, na haiwezi kuuzwa wala kurithishwa bila usumbufu. Barua ya kuomba hayo iandikwe mwezi uleule wa rejesho la mwisho.