Jedwali la Mabao

Muuza "mikeka ya uhakika" ya kubeti atakuambia mechi inaisha 2-0, na ataapa. Mtakwimu hana kiapo. Anakupa jedwali zima: nafasi ya suluhu, ya 1-0, ya 2-1, mpaka matokeo ambayo hakuna shabiki anayeyawazia. Kwangu mimi, uzuri wa kazi yake umo humo.

Malighafi yake ni ya kawaida kabisa. Tuseme katika ligi fulani wenyeji hufunga wastani wa mabao 1.5 kwa mechi. Timu A ikiwa nyumbani hufunga 1.8, gawanya kwa 1.5, nguvu yake ya kushambulia ni 1.2. Timu B ikiwa ugenini hufungwa 1.2; gawanya vilevile, unapata 0.8, yaani ulinzi wake ni mgumu kuliko wa wengi. Sasa zidisha: 1.5 mara 1.2 mara 0.8. Timu A inatarajiwa kufunga mabao 1.44. Ni hesabu ya shule ya msingi, lakini tayari imewapima washambuliaji, mabeki na uwanja.

Ila hakuna timu iliyowahi kufunga bao 1.44. Hapo inaingia kanuni aliyoiandika Mfaransa Siméon Denis Poisson mwaka 1837, katika kitabu kilichohusu hukumu za mahakama. Kanuni hiyo huonyesha jinsi matukio ya nadra yanavyotawanyika kuuzunguka wastani wake. Mwaka 1898 mtakwimu Ladislaus Bortkiewicz aliipima kwa askari wa Prusia waliouawa kwa mateke ya farasi. Vikosi 10 kwa miaka 20 vilitoa kumbukumbu 200 na vifo 122, wastani wa 0.61. Kanuni ilidai kwamba kumbukumbu kama 109 zisiwe na kifo chochote. Zilikuwa 109. Zenye kifo kimoja ilizikadiria 66, zikawa 65.

Mabao nayo ni nadra vivyo hivyo: mashambulizi ni mengi, yanayozaa ni machache. Kwa wastani wa 1.44, Timu A ina asilimia 24 za kutoka kapa, 34 za bao moja, 25 za mawili, 12 za matatu, na zilizobaki, hazifiki 6, ni za manne na kuendelea. Ifanyie Timu B hivyohivyo, tuseme kwa wastani wa 1.1, kisha zidisha kila nafasi ya A kwa kila nafasi ya B. Matokeo yanayoongoza ni 1-1, na nafasi yake ni moja tu kati ya nane. Kwa hiyo chaguo bora kabisa la fundi huyu litakosea mara saba kati ya nane, na amekuambia kabla ya filimbi.

Mwaka 1982 mtakwimu Maher alionyesha namna ya kukadiria ushambuliaji na ulinzi wa timu zote kwa pamoja, ili mabao dhidi ya vibonde yasihesabiwe sawa na mabao dhidi ya vigogo. Mwaka 1997 Mark Dixon na Stuart Coles waliona kuwa 0-0 na 1-1 hutokea zaidi ya inavyotarajiwa. Hawakubomoa nyumba; waligusa visanduku vinne vya jedwali (vya matokeo hayo mawili, pamoja na 1-0 na 0-1), wakapunguza pia uzito wa mechi za zamani.

Pengine hakuna kiraka kinachotosha. Kanuni ya msingi hudhani bao moja halichochei jingine. Lakini Belo Horizonte, Julai 2014, Ujerumani iliifunga Brazili mabao manne ndani ya dakika sita.

Kumpima mtakwimu nako kunataka subira. Jumamosi moja haitoshi. Kusanya mechi zote alizowapa wenyeji asilimia 60, uone kama wameshinda sita katika kila kumi. Wakishinda tisa, wenye mikeka watambeba juu juu. Yeye atarudi mezani kutafuta alipokosea.