Pampu Hushitakiwa kwa Kosa la Beringi

Katika gereji za jua kali zinazohudumia matatu za Soweto East na za njia ya 46 ya Kawangware, Nairobi, taa nyekundu ya oili iwakapo, aghalabu hukumu ya kwanza huiangukia pampu: hufunguliwa sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, hung'olewa pampu, mwenye gari akaagizwa anunue nyingine, na baada ya gharama hiyo yote taa ikarejea kuwaka vile vile. Sababu ni kwamba hukumu hiyo imejengwa juu ya dhana isiyo sahihi, kwani pampu haizai presha. Kazi yake ni kupeleka kiasi cha oili, na presha hutokea mbele yake, pale oili inapozuiliwa na wembamba wa njia. Wakazi wa Soweto East, wanaoletewa maji kwa mipira ya plastiki, hulijua jambo hili pasina mwalimu: mpira uliobanwa mdomo hukakamaa, na uliopasuka njiani hulegea, ijapokuwa maji yaliyoingizwa ni yale yale.

Pampu iliyozoeleka ina rota mbili, ya ndani ikiwa na jino moja pungufu kuliko ya nje. Zizungukapo, nafasi baina ya meno hupanuka upande wa kuvuta na kufinyika upande wa kusukuma. Kwa kuwa huendeshwa na krankishafti, injini ikienda mbio pampu hutoa oili kupita haja, ndipo vali ndogo yenye springi ikafunguka, aghalabu kwenye bar 4 au 5, na kuirudisha ziada.

Mshitakiwa wa kweli mara nyingi ni beringi. Baina ya beringi mpya na krankishafti pana mwanya wa milimita 0.05 hivi, na oili ipitayo katika mwanya wa namna hiyo huongezeka kwa kipeo cha tatu cha upana wake, hata mwanya ukiwa maradufu, kwa presha ile ile, uvujaji huwa mara 8. Pampu gani, iwe mpya namna gani, itakayofidia hasara kama hiyo? Ndiyo maana taa humeta matatu ikisimama katika foleni ya Ngong Road, oili imekwisha kupata moto ikawa nyepesi na pampu inazunguka polepole, kisha ikazimika dereva akanyagapo mafuta. Kuna wanaotia oili nzito ili taa isiwake. Geji hupanda, hakika, lakini beringi hubaki zimelika, na asubuhi ya baridi oili ile huchelewa kuzifikia, nao ndio wakati inapohitajiwa sana.

Upande wa kuvuta nao una madhara yake, na mafundi wengi huupita haraka. Kwa hakika ni uzito wa hewa unaoisukuma oili kutoka kwenye sampu kuingia pampu, na Nairobi, iliyo kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, ina kama humusi nne tu za uzito wa hewa ya Mombasa. Kwa hiyo chujio la sampu likiziba, Nairobi akiba ya nguvu hiyo huwa ndogo zaidi kuliko pwani. Injini ya Toyota 1KD-FTV ya lita 3, iliyofungwa katika baadhi ya Hiace na Prado, imejulikana sana kwa balaa hili: washa za shaba za injekta hupitisha gesi za mwako, gesi hugeuza oili kuwa masizi, na masizi yakaliziba chujio hata injini ikanoki ilhali pampu ni nzima kabisa. Vipande vya silikoni iliyopakwa kupita kiasi kwenye gasketi ya sampu huleta maafa yayo hayo.

Basi fundi na atoe kwanza swichi ya taa, ambayo kwa kawaida huwaka presha imekwisha kushuka hadi karibu nusu bar, afunge geji ya mkono mahali pake, na asome presha injini ikiwa moto, ikitulia na ikikimbia. Kisha ashushe sampu, atazame chujio, afungue kifuniko kimoja cha beringi. Na pampu yenyewe aipime mwanya wa meno yake kabla ya mwenye gari kutumwa dukani.