Hadithi Isiyo na Mkataba

Juzi jioni, barazani chini ya majumba ya Michenzani, mwenzetu mmoja alitusomea hadithi yake mpya. Kijana anacheza mpira pekupeku, anatoroka skuli, mama anauza maandazi apate kumnunulia viatu, kisha kijana anavuka kwa boti hadi Dar, anafunga bao dakika ya 90, mama analia. Tukapiga makofi. Mie nilipiga pia, maana kwa upande wa fani hana taabu: lugha nyepesi, na mazungumzo ni yetu hasa. Ila usiku nikajiuliza: huyu mhusika mkuu analipwa kiasi gani? Katia saini karatasi gani? Akivunjika mguu je?

Hadithi haisemi. Wala si yake peke yake, wallahi. Takriban zote tunazoandika juu ya wanamichezo huishia pale watu wanaposhangilia. Kwetu dhamira ya kujitolea ni jasho tu.

Tazameni tunavyomsimulia John Stephen Akhwari, Mexico 1968. Kaanguka katika marathoni, goti limeumia, kamaliza wa mwisho, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi. Kisa kizuri mno. Lakini huanzia anapoanguka na kukomea kwenye mstari wa mwisho, kama vile mtu yule hakuwa na kesho yake.

Filbert Bayi ndiye mgumu kuandikika. Mwaka 1974, kule Christchurch, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 na kumwacha John Walker nyuma yake. Dunia ikangojea marudio Montreal 1976. Tanzania ikasusia michezo ile kwa ajili ya ubaguzi wa Afrika Kusini, na Walker akachukua dhahabu bila Bayi kuwepo. Hapo mtu hajajitoa, katolewa. Na sababu ilikuwa ya haki! Msanii akitaka mgogoro, ataupata wapi zaidi ya huo?

Tena tusiende mbali. Feisal Salum, Fei Toto, ni kijana wa hapa hapa Zanzibar. Disemba 2022 aliamua kuvunja mkataba wake na Yanga na kuilipa klabu fedha za kuuvunja. Kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita hachezi, mpaka Juni 2023, Rais Samia alipowaomba Yanga walimalize jambo lile, ndipo akaenda Azam. Barazani kila mtu akawa wakili. Huyu anasema kijana hana shukurani, yule anasema mpira ni kazi kama kazi nyengine, na lile neno la ugali kwa sukari likawa utani hadi ndani ya daladala. Sie waandishi tukacheka na wengine, nasi ndio tuliotakiwa kulidaka. Sahani moja ile ina mshahara, ina fahari, ina mama anayejua mwanawe anakula nini.

Nimemwambia mwenzetu aongeze ukurasa mmoja: asubuhi ya pili yake, bao limeshapita, mama na mwana wameikalia ile karatasi. Kanuna. Ati mkataba haunogi kuandikwa. Tumeagana airudishe Ijumaa.