Kiti cha Maboksi

Tepu ya fundi cherehani inaning'inia shingoni mwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, lakini bado haijaguswa. Amechuchumaa mbele ya mtoto, amemsalimu kwa Kikonzo, na sasa anangoja. Mtoto ana mtindio wa ubongo. Salamu yake huchukua muda kufika, nayo ni tabasamu. Likishafika, ndipo mama anaombwa ruhusa ya mwanawe kupimwa. Sheria ya Uganda ya 1996 inamtaka mtaalamu huyu asajiliwe. Haikumwambia achuchumae.

Tuko Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, na mama amevuka asubuhi kutoka Kongo. Majirani wawili wanaochungulia mlangoni wanaombwa wasogee kwanza.

“Daktari, atatembea?”

“Mimi si daktari, mama. Kutembea siwezi kukuahidi. Kukaa ale na wenzake, hilo tutalihangaikia.”

Anapima nyonga hadi nyuma ya goti, goti hadi kisigino, kalio hadi kwapa. Kila kipimo mara mbili, maana misuli iliyokaza hudanganya. Anaushika mguu bila kuuvuta mpaka ulegee wenyewe. Pembeni kuna kiti cha zamani kinachokaribia kumtosha. Nikauliza kwa nini asipewe hicho. “Kinachokaribia,” akarudia, akaendelea kupima.

Ufundi wenyewe wa kiti cha maboksi, ambao mwalimu Bevill Packer aliuendeleza Zimbabwe, hauna siri. Maboksi ya sabuni na biskuti kutoka sokoni hubandikwa tabaka juu ya tabaka kwa uji mzito wa unga wa ngano, yakagandamizwa kwa mawe hadi yawe ubao. Viungo hufunikwa kwa vipande vya gazeti, navyo huchanwa kwa mkono, havikatwi: ukingo uliochanika hulala, uliokatwa huinuka. Kisha jua. Mawingu ya Rwenzori yakishuka, kila kitu kinaingizwa ndani. Mtaalamu hajaribu kuharakisha kwa moto, ubao utapinda.

Siku ya kukalia, anapitisha kidole kati ya mkanda na tumbo. Anapapasa chini ya mapaja, anakuta ukingo mkali karibu na goti la kushoto. Mama ameshafunga mzigo, anauwahi mpaka. Mtoto anashushwa. Msasa unatolewa, anasugua, anapapasa kwa kiganja, anamkalisha. Anamshusha tena.