Fimbo Iliyomjua Mwenyewe

Fundi wangu wa fimbo za gofu haulizi umenunua kwa bei gani. Huomba chuma chako namba saba, akakigeuza kitako juu, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Kazi yake huanzia hapo, kwenye mikwaruzo, naye huitazama kimya kwa muda ambao mteja mwenye haraka huona unapotea bure. Mikwaruzo ikijikusanya upande wa kisigino, fimbo imesimama mno kwa mtu yule: ncha hunyanyuka anapopiga, na kama ni wa mkono wa kulia mpira humkimbilia kushoto hata siku aliyopiga vyema. Ikijikusanya kwenye ncha, fimbo imelala mno, na mpira huenda kulia. "Mzee, si wewe unayekosea," nimemsikia akimwambia mteja mmoja. "Fimbo ndiyo haijakujua." Uso wa yule mzee ulifunguka. Alikuwa amebeba lawama ya miaka mingi ambayo haikuwa yake.

Karakana ni chumba kimoja karibu na uwanja mmojawapo wa Nairobi. Kuna jiliwa, tupa, wenzo wa kukunjia shingo za vyuma, na kipimo cha pembe kilichochakaa kwa kushikwa. Hukaza kichwa cha fimbo kwenye jiliwa, akavisha wenzo shingoni, akauegemea kwa bega taratibu. Digrii moja. Anapima. Nusu nyingine. Chuma kilichofuliwa hukubali. Kilichomiminwa kwenye kalibu mara nyingi ni kigumu zaidi, na kikilazimishwa huweza kukatika. Kwa hiyo huanza kwa kuuliza, kugonga na kusikiliza, na akikishuku hukirudisha kama kilivyokuja. Namheshimu zaidi kwa vile anavyovikataa.

Kisha huja mikono. Huomba mteja aifumbate fimbo, akatazama ncha za vidole zinavyokutana na kiganja. Mshikio ukiwa mwembamba, huuvua, akauzungushia mpini utepe zaidi, akaurudisha. Mwishowe hubandika nyuma ya kichwa kipande cha risasi, chembamba kama ganda la kitunguu, akampa mteja ajaribu, akakipunguza kwa mkasi. Kipande kile hakina gramu nyingi, lakini mkono unaijua tofauti kabla akili haijaieleza.

Kazi hii ina nasaba ndefu. Mwaka 1502 Mfalme James wa Nne wa Scotland alinunua fimbo zake kwa fundi wa pinde wa mji wa Perth. Napenda kwamba alikuwa fundi wa pinde, mtu aliyejua mti unavyopinda na unavyorudi, na aliyezoea kupima silaha kwa kifua cha atakayeivuta. Karne tatu baadaye, huko St Andrews, Hugh Philp alichonga vichwa vyembamba na virefu vya mbao ambavyo leo huwekwa kwenye makumbusho. Karakana yake ilirithiwa na mpwa wake, Robert Forgan, zama ambazo mbao za hikori zilikuwa zikiingia kutoka Marekani. Hikori ilikuwa imara, ila kila mpini ulikuja na tabia yake, mmoja mgumu, mwingine wa kujisokota. Fundi aliukwangua kwa kipande cha kioo, kidogo kidogo, hadi upinde mahali mwenyewe alipotaka upinde. Mteja alirudi tena na tena. Fimbo ilikuwa mazungumzo ya watu wawili.

Mchezaji Bobby Jones alishinda mashindano yote makubwa manne ya mwaka 1930 kwa mipini ya hikori, akiwa amekusanya fimbo zake mojamoja kwa kuzishika na kuzisikia. Husimuliwa kwamba zilipopimwa kwa mashine baadaye, zilionekana kuoana karibu zote, isipokuwa moja, nayo ndiyo iliyokuwa ikimsumbua. Alizipanga kwa mikono mitupu, na hata kasoro iliyobaki mikono ilikuwa imeshaitambua.

Lakini wakati huo mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Mwaka 1929 wakuu wa mchezo huko St Andrews waliruhusu mipini ya chuma cha pua. Chuma hakijisokoti, hakivimbi kwa mvua, na mpini wa leo hufanana na wa jana. Viwanda vikaweza kuuza seti nzima zenye namba, zinazofanana kutoka duka hadi duka. Sikatai faida yake. Mpira ulikwenda kwa uhakika zaidi, na mengi mazuri ya mchezo huu yametokana na hilo. Kilichopotea ni yule mtu aliyekuuliza urefu wa mkono wako.

Huku kwetu pengo hilo ni pana zaidi, kwa sababu fimbo nyingi hutufikia zikiwa zimeshatumika, zimekatwa na kukunjwa kwa mwili wa mtu wa ng'ambo. Kijana huzinunua na mfuko wake, kisha humlipa mwalimu amfundishe kuinama. Magoti hukunjwa, mgongo hupinda, mabega hulazimishwa, ili mwili utoshe kwenye fimbo ya mgeni. Nusu inchi ya mpini na digrii mbili za shingo zingemwacha asimame wima. Naliona jambo hili kila nikipita uwanja wa mazoezi, na linaniuma, kwa kuwa wengi wao huacha mchezo wakiamini hawana kipaji.

Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, alianza utotoni Hispania na kichwa kikuukuu cha chuma namba tatu, akichomeka humo vijiti alivyojichongea. Mtoto yule, bila senti, alikuwa na kitu ambacho wanunuzi wa leo hawakiombi, mpini uliokatwa kwa kimo chake.

Fundi wangu hana mwanafunzi. Vijana huja, hushika wenzo kwa wiki chache, kisha huenda kuuza fimbo mpya madukani, ambako mapato ni ya uhakika. Siwalaumu. Nawalaumu wanunuzi wanaovua plastiki ya seti ya mamia ya maelfu ya shilingi, wakaipeleka moja kwa moja uwanjani, huku fundi amekaa kando ya jiliwa, mita chache tu kutoka wanapoegesha magari.