Mafundi wa Madirisha

Olivier Fourdan alianzisha Xfce, eneokazi jepesi, mwaka 1996. Hadi leo, wenye kompyuta za zamani zinazotumia Linux huikimbilia kwa wepesi huo. Sifa yake nyingine haitajwi sana: inakubali kugeuzwa sura kuanzia ukingo wa dirisha hadi aikoni ya faili, na imewapa uwanja mafundi wanaostahili kusifiwa kuliko wanavyosifiwa.

Kusakinisha mandhari yenyewe si kazi. Mtu hupakua faili, huifungua, huhamishia folda yake ndani ya .themes, na aikoni ndani ya .icons. Kinachowachanganya wengi kinafuata baadaye. Vitufe, menyu na visanduku vya ndani hupakwa rangi na maktaba ya GTK, ilhali fremu inayolizunguka dirisha huchorwa na kidhibiti madirisha, xfwm4, na kila upande una ukurasa wake wa mipangilio. Anayebadilisha mmoja na kuusahau mwingine hubaki na dirisha jeusi lenye kichwa cheupe.

Ukiifungua folda ya xfwm4 utaona ufundi ulipojificha. Picha zake nyingi ni za XPM, yaani maandishi matupu ambamo herufi husimama badala ya rangi ya pikseli. Kitufe cha kufunga peke yake huwa na picha kadhaa: ya dirisha linalotumika, ya dirisha lililoachwa nyuma, ya kishale kikipita juu, ya kitufe kikibonyezwa. Hii ya kishale ikisahauliwa, kitufe hakiitikii kinapoguswa, na mtumiaji huhisi kuna kitu hakiko sawa bila kujua ni nini. Pembe za fremu nazo zina ukorofi wake. Pikseli moja ikikosewa, pembe huonekana imetafunwa.

Upande wa GTK, tangu toleo la 3 la mwaka 2011, sura huandikwa kwa CSS, lugha ileile inayopamba kurasa za tovuti. Humo mtihani mgumu ni kitufe kilichozimwa. Maandishi yake yafifie kiasi cha kumwambia mtu asihangaike kubofya, lakini yaendelee kusomeka.

Kuhusu rangi, wengi wamejifunza kwa Ethan Schoonover, aliyetoa Solarized mwaka 2011. Ni rangi 16 tu: nane tulivu za usuli na maandishi, nane za kukoleza. Alizipanga kwa kipimo cha CIELAB, kinachofuata jinsi jicho la binadamu linavyoona mwanga, na akazilinganisha hivi kwamba mtu akihama kutoka usuli wenye mwanga kwenda wenye giza, tofauti ya mwanga kati ya maandishi na usuli haibadiliki. Anayesoma msimbo kutwa nzima anajua thamani ya hesabu hiyo.

Si kila mtu anaufurahia ufundi huu. Mwaka 2019 baadhi ya watengenezaji wa programu za GNOME, eneokazi jingine la Linux, waliandika barua ya wazi wakiwaomba wasambazaji wa Linux wasizivishe programu zao mandhari nyingine, na GNOME 42 ya mwaka 2022 ilipoanza kutumia maktaba ya libadwaita, mlango ulizidi kuwa mwembamba. Malalamiko yao yana msingi: mandhari mbovu ikiyameza maandishi, lawama humwangukia aliyeandika programu. Hata hivyo, dawa ya kazi mbovu ni kazi nzuri. Mwenye kompyuta ndiye anayeikodolea macho, naye ana haki ya kuchagua anachokitazama.

Kazi nzuri hiyo ipo. Programu zilizoundwa kwa Qt badala ya GTK, kama VLC, hazisomi CSS ya GTK, kwa hiyo mandhari inayopendeza kwingine kote huweza kukwama hapo. Watengenezaji wa aikoni za Papirus waliichukua mandhari ya Arc ya GTK, wakaichora upya kwa ajili ya Kvantum, injini inayoshughulikia sura ya Qt. Anayesakinisha Arc ya GTK pamoja na ile ya Kvantum huweza kuifungua VLC kando ya Thunar, kidhibiti faili cha Xfce, na madirisha hayo mawili yakaonekana yametoka mkono mmoja.