Daftari la Maji ya Chumvi

Jioni, mechi ikiisha kwenye uwanja wa TP Mazembe na watu wakimwagika barabarani kwa honi na vuvuzela, kuna nyumba moja Kamalondo, mjini Lubumbashi, ambamo mzee hufunga dirisha, akavuta kiti cha plastiki na kuketi mbele ya tangi la kioo. Mikono ameiweka magotini. Mwanga wa buluu unampiga ndevuni, pampu inanong'ona, naye anatazama tu. Nusu saa nzima hupita kabla hajainuka.

Nusu saa hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa umeme migodini. Sasa anafuga matumbawe, katika mji ulio mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hata kufika Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,800 za barabara. Matumbawe yake ni vipande vilivyooteshwa kwenye matangi ya Afrika Kusini. Vimepita mpakani Kasumbalesa ndani ya sanduku la kuhifadhi baridi pamoja na karatasi zake, kwa sababu matumbawe magumu yamo katika orodha ya mkataba wa CITES na hayavushwi mpaka kienyeji. Bahari nayo huja kavu, ndani ya mfuko wa kilo 20. Kila baada ya wiki mbili mzee huchota lita 40 kutoka tangi la lita 400, akarudisha lita 40 alizozikoroga mwenyewe kwa maji yaliyochujwa na chumvi hiyo.

Tangi lilikuwa katika mwaka wake wa sita lilipoanza kudhoofika. Hapakuwa na kishindo. Tumbawe laini, ambalo kila asubuhi lilikuwa likitoa vidole vyake kama mtoto anayenyoosha mikono akiamka, lilibaki limejikunja mpaka adhuhuri. Jingine, gumu, lenye ncha za zambarau, lilianza kubanduka nyama kuanzia chini, likaacha ukanda mweupe wa mfupa usiozidi upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Wiki iliyofuata ukanda ulikuwa kucha mbili. Samaki walikula kwa pupa, na maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba mgeni angesifu. Mbuzi akiugua hujitenga na wenzake, kuku husinzia, lakini tumbawe limekaa palepale. Linasema kwa rangi na kwa namna linavyofumba, basi.

Majirani walikuwa na jibu moja. "Papa, ni mukuba njo inaua."

Nani angewalaumu? Huu ni mji wa shaba. Tanuri lake lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, bomba la moshi na mlima wa makapi ya madini bado ndiyo alama yake, na kabla ya makuta na faranga watu wa Katanga walifanya biashara kwa misalaba ya shaba, ileile mitatu iliyowekwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960. Tena dhana yao ilikuwa na mashiko. Wafugaji wa samaki huwatibu wenye vimelea kwa shaba, kipimo cha miligramu 0.2 hivi kwa lita. Samaki hupona, ila kipimo hichohicho kikiingia kwenye tangi la matumbawe kinaua konokono, kamba na matumbawe yenyewe. Koki moja ya shaba iliyoanza kuliwa na chumvi yatosha kuleta msiba.

Mzee hakuwacheka. Alifuata njia ya maji kwa kidole, kuanzia bomba la uani hadi kichujio, ndoo, mpira, pampu, akitafuta kutu ya kijani kwenye kila kiungo. Kisha akarudi kitini. Kamba mwekundu alikuwa akitembea juu ya jiwe, akichokonoa mabaki ya chakula kwa makoleo yake madogo. Konokono walikuwa wakipanda kioo. Ingekuwa shaba, kamba angetangulia kufa. Shaba ikaondolewa mashtaka, katika mji wake yenyewe, kwa ushahidi wa kamba mmoja.

Hapo ndipo alipochukua daftari.

Ni daftari la shule la kawaida, karatasi za mraba, jalada limeshonwa upya kwa uzi wa nailoni. Lipo la kwanza, la pili, la tatu, na sasa la nne. Kila jioni kuna mstari mmoja wa kalamu ya bluu: tarehe, joto la maji, chumvi, idadi ya matumbawe yaliyofunguka. Jumapili huongezwa kalsiamu, magnesiamu na alkali, ile nguvu ya maji inayoliwezesha tumbawe kujenga mfupa wake. Pembezoni kuna maneno mafupi: umeme ulikatika kwa saa ngapi, taa ipi ilibadilishwa, samaki gani alizikwa chini ya mwembe. Hati ni ya mtu aliyezoea kuandika ripoti ya zamu, akijua kwamba atakayeingia kazini usiku hatakuwa na mwingine wa kumuuliza.

Namba zote zilikuwa shwari. Joto 25. Alkali haikuyumba. Chumvi 35, 35, 35, yaani gramu 35 katika kila kilo ya maji, sawasawa na bahari. Mtu mwingine angelifunga daftari akaenda kununua dawa. Mzee aligeuza kurasa nyuma, akasoma pembezoni, mahali ambapo huandika siku ya kufungua mfuko mpya wa chumvi. Kwa miaka mitano kila mfuko ulikuwa umefika mara 13 za kubadilisha maji. Wa mwisho uliisha mara ya 11.

Chumvi haiibiwi na panya. Kama mfuko uliisha mapema, basi kila ndoo ilikuwa imetiwa chumvi kupita kiasi, na kile kipimo cha chumvi kilichosoma 35 kila jioni kilikuwa kikidanganya. Kosa lake lilikuwa kuanguka tu. Kilikuwa kimedondoka mezani miezi kadhaa nyuma, kikaokotwa, kikafutwa kwa kitambaa, kikawa kinapotoka kidogokidogo huku kikiendelea kuaminiwa. Mzee akaazima mizani ya kupimia vito, akapima gramu 36.5 za chumvi safi, akaiyeyusha katika gramu 963.5 za maji yaliyochujwa. Mchanganyiko huo hupinda mwanga sawa na maji ya bahari ya 35. Akadondosha tone kwenye kioo cha kipimo, akakielekeza dirishani, akafumba jicho moja. Kilisoma 30.

Kwa hiyo tangi lilikuwa limefika 40. Yapo matumbawe yanayostawi katika chumvi hiyo, ya Bahari ya Shamu, lakini hayo yamezaliwa humo. Ya Kamalondo yalipandishiwa chumvi kidogokidogo, na aliyeyapandishia ndiye aliyekuwa akiyatazama kila jioni.

Tiba ilichukua zaidi ya wiki mbili: kutoa maji ya chumvi kidogo, kurudisha maji matamu kidogo, hatua moja na kupumzika. Dawa haikununuliwa hata chupa moja.

Leo kazi hii hufanywa kwa namna nyingine. Picha ya tangi hupigwa kwa simu, majibu kumi huja kabla chai haijapoa, na kufikia usiku taa imebadilishwa, chupa tatu zimemiminwa, nusu ya maji imemwagwa. Tumbawe likifa, hakuna ajuaye lililoliua ni ugonjwa au ni matibabu. Likipona, hakuna ajuaye lililoliponya. Pampu za siku hizi zina akili, taa hujiwasha na kujipunguza kama jua, mashine hupima alkali mmiliki akiwa safarini. Kiti cha plastiki hakimo katika orodha ya vifaa.

Walioanza hawakuwa na vitu hivyo. Kule Nouméa, kisiwani New Caledonia, René Catala alifungua mwaka 1956 jengo la kuonyesha matumbawe hai katika maji yaliyovutwa baharini. Jakarta, Lee Chin Eng aliwashangaza wafugaji wa samaki mwaka 1961 alipoeleza jinsi anavyotunza matumbawe kwa mawe hai kutoka baharini, mwanga wa jua na mapovu ya hewa. Na kabla yao mafundi wa Kilwa walilijua tumbawe kwa vidole: walilikata baharini likiwa bichi, wakalichonga nakshi za milango na mihirabu kabla halijakauka na kuwa gumu. Hapa Lubumbashi penyewe, Pilipili Mulongoy, aliyeingia karakana ya Pierre Romain-Desfossés miaka ya 1940, aliujaza ukuta wa sanaa ya Kongo samaki wa rangi ambao mtu asiyewahi kutulia mbele ya maji hawezi kuwachora.

Baharini hakuna wa kuchukua daftari akageuza kurasa nyuma hadi palipo kosa. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi magharibi yalipata joto kwa miezi, na matumbawe kutoka Kenya hadi Tanzania yakapauka. Mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe na kulilisha hutimuliwa joto likizidi, na tumbawe hubaki jeupe, linaishi lakini lina njaa. Mwaka huo dunia ilipoteza karibu asilimia 16 ya matumbawe yake. Chumbe, kisiwa kidogo cha Zanzibar ambacho miamba yake ilitangazwa hifadhi mwaka 1994, ina askari walinzi waliokuwa wavuvi, watu wanaoujua mwamba kwa majina ya sehemu zake. Wanaweza kuzuia nyavu na nanga. Joto hupita juu ya vichwa vyao. Wenyeji wa Wasini na Mkwiro, pwani ya Kwale, hufunga vipande hai kwenye vyuma na saruji, wakisubiri viote, na mwezi wa nne mwaka 2024 wanasayansi wakatangaza mpauko wa nne wa dunia nzima. Huko kipimo kinasema kweli, kila mtu amekisoma, na bado chumvi inaongezwa.

Kamalondo, umeme umekatika tena. Nje, jenereta za maduka zinaanza kunguruma moja baada ya nyingine. Mzee amewasha pampu ndogo ya betri, mapovu yanapanda gizani, naye ameshika tochi kwa meno ili apate mkono wa kuandika. Vijana wa nyumba wanapenda samaki, hasa yule wa rangi ya chungwa, ila daftari hawajalifungua. Anaelekeza tochi kwenye kioo, anahesabu, anairudisha kwenye karatasi. Joto 25. Chumvi 35. Yaliyofunguka: tisa. Pembezoni anaongeza kwamba kipimo kimekaguliwa leo, na tarehe ya kukikagua tena.